Nani Anapiga Hodi kwa Nani: Mtandao wa Mashine Pepe Ndani ya Seva Moja

Ndugu mwenyekiti, ndugu zangu wasimamizi wa seva, na ninyi vijana wa chuo mliowahi viti vya karibu na soketi za umeme: habari za asubuhi.

Nimepewa mada ya njia za kuziunganisha mashine pepe, yaani kompyuta za kuigizwa kwa programu (tutaziita wageni), zilizomo ndani ya kompyuta moja halisi, mwenyeji. Kawaida yetu ni hii: mtu anafungua dirisha la mipangilio, anakuta orodha ya aina tano au sita za mtandao, anachagua ya kwanza. Ikikataa, anachagua ya pili. Ikikubali, anafunga dirisha na hataki tena kuligusa. Seva inafanya kazi hivyo hivyo mpaka siku inapohamishiwa jengo jingine, au mtu anaposakinisha Docker (programu ya kuendesha kontena) pembeni, ndipo kila kitu kinanyamaza na hakuna anayejua kwa nini.

Napendekeza tuanze na swali: nani atapiga hodi kwa nani? Mawasiliano karibu yote huanzishwa na upande mmoja. Kivinjari hupiga hodi kwa seva ya wavuti. Seva ya wavuti hupiga hodi kwa hifadhidata. Hifadhidata yenyewe haimwendei mtu, isipokuwa siku ya kuchukua masasisho. Ukiiandika mishale hiyo kwenye karatasi kabla hujagusa kibodi, aina ya mtandao unayoihitaji itakuwa imeshajionyesha.

Mfano wangu mkuu utakuwa Linux yenye KVM (inayoendesha mashine pepe) na libvirt (inayozisimamia), kwa kuwa viungo vyake vyote vinaonekana kwa macho. VirtualBox, programu nyingine ya kazi hiyo, nitaigusa kwa sababu ndiyo iliyojaa kwenye kompyuta mpakato zenu.

Tuangalie kitu chenyewe kwa karibu. Kila mashine pepe ina kadi ya mtandao ya kuigiza. Ndani ya mgeni utaiona kama enp1s0 au eth0. Upande wa mwenyeji kuna kitu kiitwacho tap, na libvirt hukipa majina kama vnet0, vnet1, vnet2. Ichukulie tap kama kebo: ncha moja imeshachomekwa kwa mgeni, ncha nyingine inaning'inia kwa mwenyeji. Mada yote ya leo ni pale inapochomekwa hiyo ncha ya pili. Andika

    virsh domiflist wavuti

ambapo "wavuti" ni jina la mashine pepe, nayo itakwambia: vnet3, imechomekwa br0 (daraja, yaani swichi pepe ndani ya mwenyeji), modeli virtio (kadi iliyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe), MAC (namba ya utambulisho ya kadi) inaanza na 52:54:00. Mwanzo huo wa MAC ukariri, maana utakusaidia ukikuta kifaa usichokijua kwenye orodha ya ruta. 52:54:00 ni mgeni wa KVM, 08:00:27 ni VirtualBox, 00:15:5d ni Hyper-V, na 00:50:56 au 00:0c:29 ni VMware.

Sasa NAT (kubadilisha anwani), ambayo ndiyo programu nyingi hukupa usipochagua. Katika NAT mgeni anaweza kupiga hodi nje, lakini aliye nje hana namna ya kupiga hodi ndani. Pakiti, yaani kifurushi cha data, inapotoka, mwenyeji anafuta anwani ya mgeni na kuandika yake. Jibu likirudi, anaangalia daftari lake na kulipeleka kwa mwenyewe. Hodi mpya kutoka nje haimo kwenye daftari, kwa hiyo haina pa kwenda. Kwa mashine ya kujaribia programu, inayohitaji tu kuvuta masasisho, hii inatosha kabisa, na ni salama kuliko zote zenye intaneti.

Lakini NAT ya VirtualBox na NAT ya libvirt ni vitu viwili tofauti, na hapa watu wengi huteleza. Katika VirtualBox, kila mashine hupewa NAT yake peke yake. Kadi ya kwanza ya kila mashine hupata 10.0.2.15, lango 10.0.2.2, DNS (seva ya majina) 10.0.2.3. Ukiwasha mashine tatu, zote tatu ni 10.0.2.15. Mwanafunzi anaingia kwenye mashine ya kwanza, anaipigia ping 10.0.2.15 akidhani ni ya pili, inajibu vizuri sana, tena kwa kasi ya ajabu. Kumbe inajijibu yenyewe. Anaamini mtandao uko sawa, kisha anapoteza saa nzima akichunguza kwa nini hifadhidata haipatikani. Mashine hizo hazionani na hazitaonana. Ukitaka zionane na bado ziwe na intaneti, tengeneza NAT Network, aina nyingine kwenye orodha ile ile, na uzichomeke zote humo.

Ukihitaji mlango mmoja tu wa kuingilia, NAT ya VirtualBox inakuruhusu kutoboa tundu:

    VBoxManage modifyvm "wavuti" --natpf1 "ssh,tcp,127.0.0.1,2222,,22"

Baada ya hapo, ssh kwenye poti 2222 ya kompyuta yako inafika poti 22 ya mgeni. Ile 127.0.0.1 usiiache wazi bila kufikiri. Ukiiacha, tundu linasikiliza kwenye kadi zote za kompyuta yako, na kila aliyeunganishwa Wi-Fi ya hoteli mnayokaa anaweza kulijaribu.

NAT ya libvirt iko tofauti. Kuna daraja moja, virbr0, lenye anwani 192.168.122.1, na dnsmasq, programu inayogawa anwani kuanzia 192.168.122.2 hadi 254. Mashine zote zilizomo zinaonana, na mwenyeji anazifikia bila kutobolewa chochote. Kwa maabara ya mtu mmoja sioni sababu ya kutafuta zaidi. Ukitaka mgeni asibadilikewe na anwani, usiende kuandika IP ndani ya mgeni; mwekee nafasi huku kwa mwenyeji:

    virsh net-update default add ip-dhcp-host "<host mac='52:54:00:3a:91:0c' ip='192.168.122.50'/>" --live --config

Bila --live haitafanya kazi mpaka mtandao uwashwe upya, na bila --config itasahaulika ukiuwasha upya. Weka vyote viwili.

Na ukizima mtandao wa default kwa net-destroy halafu ukauwasha wakati wageni wanafanya kazi, usishangae wakibaki kimya. Daraja lilifutwa na kuundwa jipya, zile tap hazikurudi zenyewe. Njia ya uhakika ni kuzizima mashine pepe na kuziwasha tena.

Mtego mwingine wa hapa ni wa mtu mwerevu. Anaona 192.168.122.0/24 ni mtandao kama mitandao mingine, anaenda kwenye ruta ya ofisi anaweka njia: ukitaka huko, pitia kwenye seva. Njia iko sahihi, lakini kila akijaribu anaambiwa muunganisho umekataliwa. Anayekataa hapo ni libvirt, kwa sababu kwa mtandao wa NAT inaweka kanuni za fayawoli zinazoruhusu kuingia kwa majibu tu na kukataa hodi mpya. Hata kanuni ya DNAT (ya kugeuza anwani inakokwenda pakiti inayoingia) utakayoiongeza kwa mkono itaishia hapo hapo, mpaka uweke na kanuni ya kuruhusu inayosomwa kabla ya ile ya kukataa. Libvirt ikiwasha mtandao upya, inaweza kuweka kanuni zake juu tena, kwa hiyo kanuni yako ni heri iwe ndani ya /etc/libvirt/hooks/qemu, hati ambayo libvirt huiendesha mgeni anapowashwa. Mimi nikiona mashine ya NAT imeshatobolewa zaidi ya poti mbili, najua anayeitunza alihitaji daraja tangu mwanzo.

Basi tuje kwenye daraja. Katika daraja, ncha ya tap inachomekwa moja kwa moja kwenye mtandao wa ofisi. Mgeni anapata anwani kutoka ruta ile ile inayowapa wengine, anaonekana kama kompyuta nyingine yoyote ofisini, na yeyote anaweza kumpigia hodi. Seva ya faili, seva ya kuchapisha, mfumo wa mahudhurio: hizo ni za daraja.

Kulijenga kuna amri chache na hatari moja kubwa. Hatari ni kwamba anwani ya IP ya mwenyeji inahama kutoka kwenye kadi kwenda kwenye daraja, na wewe umeingia kwa SSH kupitia kadi hiyo hiyo. Unakata tawi ulilokalia. Kwenye Ubuntu ya seva, faili la netplan (programu ya mipangilio ya mtandao) linakuwa hivi:

    network:
      version: 2
      ethernets:
        enp3s0:
          dhcp4: no
      bridges:
        br0:
          interfaces: [enp3s0]
          addresses: [192.168.10.5/24]
          routes:
            - to: default
              via: 192.168.10.1
          nameservers:
            addresses: [192.168.10.1]
          parameters:
            stp: false
            forward-delay: 0

Angalieni: enp3s0 haina anwani. Ukiiachia anwani kwenye kadi na nyingine kwenye daraja, utapata mtandao unaofanya kazi dakika hii na kugoma dakika ijayo.

Mtasema tutumie "netplan try", ile inayorudisha mpangilio wa zamani usipothibitisha ndani ya sekunde 120. Ni wazo zuri, ila kwa daraja lenye sehemu ya parameters inakataa, na inakwambia wazi kwamba haiwezi kurudisha mipangilio ya aina hiyo. Kwa hiyo jiwekee kamba ya kujiokoa mwenyewe. Nakili faili la zamani, kisha kabla ya netplan apply:

    echo "cp /root/zamani.yaml /etc/netplan/01-mtandao.yaml && reboot" | at now + 5 minutes

Ukikata tawi, baada ya dakika tano seva inajiwasha upya na mpangilio wa zamani. Ukifanikiwa, angalia namba ya kazi kwa atq na uifute kwa atrm. Kuifuta msisahau, maana seva ikijiwasha upya wakati umeshaanza kusherehekea ni aibu isiyo ya lazima.

Kama mwenyeji wako anachukua anwani kwa DHCP (ugawaji wa anwani wa moja kwa moja) na ulishamwekea nafasi kwenye ruta, jua kwamba daraja mara nyingi huja na MAC yake mpya, si ile ya kadi. Ruta haitalitambua na italipa anwani nyingine. Ongeza mstari wa macaddress chini ya br0 wenye MAC ya kadi, yaishe.

Hizo parameters mbili za mwisho zina maelezo yake. Netplan na NetworkManager huwasha STP, itifaki ya kuzuia mizunguko kwenye mtandao, kwenye daraja bila kuulizwa. STP ikiwa imewashwa, kila kebo mpya inayochomekwa inawekwa uangalizini: sekunde 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza. Nusu dakika nzima mgeni aliyewashwa sasa hivi anaomba anwani na hakuna anayemsikia. Mashine inayojiwasha kupitia mtandao inakata tamaa kabla. Nyingine inapata anwani baadaye, lakini huduma zilizotaka mtandao mapema zimeshashindwa kuanza. Kuna na la pili: daraja lenye STP hutuma ujumbe wake kwenye swichi ya ofisi, na kama fundi wa swichi aliweka ulinzi wa BPDU (ndio ujumbe huo wa STP) kwenye poti za watumiaji, swichi inaizima poti yako papo hapo. Unaona taa ya kadi imezimika, unabadilisha kebo, unabadilisha kadi, na kosa halipo huko.

Basi zima STP, lakini kwa sharti: daraja liwe na kadi moja tu ya kweli. Ukichomeka kadi mbili za seva kwenye daraja moja, zote zikaenda swichi moja, bila STP umetengeneza mzunguko, na fremu (vipande vya data vinavyopita kwenye kebo) za tangazo zitazunguka mpaka ofisi nzima isimame. Mwenye kadi mbili azifunge kwanza kuwa kiungo kimoja, bond, halafu hiyo bond ndiyo iingie darajani.

Daraja likishasimama, mgeni mpya unamchomeka hivi wakati wa kumsakinisha: --network bridge=br0,model=virtio. Kwa aliyekwisha kuwepo, virsh edit na ubadilishe mistari ya interface.

Sasa swali ambalo najua liko vinywani mwa wenye mpakato: mbona kwenye Wi-Fi daraja halikubali? Kifaa kilichojiunga na Wi-Fi kimejiandikisha kwa MAC moja. Fremu ya kawaida ya Wi-Fi kutoka kwa mteja haina nafasi ya kusema "ninayetuma ni huyu, lakini mwenye ujumbe ni mwingine nyuma yangu". Kituo cha Wi-Fi kikiona MAC ambayo haikujiandikisha, kinaitupa. Ndiyo maana keneli ya Linux inakataa kabisa kuiingiza kadi ya Wi-Fi darajani ikiwa katika hali ya mteja wa kawaida. VirtualBox hujaribu ujanja: inabadilisha MAC ya mgeni iwe ya mpakato kila fremu inapotoka, na kuirudisha jibu linapoingia. Mara nyingi hufaulu. Lakini kama mpakato wako unaishi kwa mtandao wa simu, usijisumbue: tumia NAT, na ukihitaji kuingia kwa mgeni ongeza kadi ya pili ya aina ya Host-only, nitaieleza punde.

Kosa la MAC hilo hilo linavaa nguo nyingine kwenye seva za kukodi. Watoa huduma wengi hufunga poti yako kwa MAC moja. Ukijenga daraja, wageni wako wanatokea kwenye swichi yao na MAC ngeni, zinatupwa, na wengine watakuandikia barua ya onyo. Na ukiwa na mashine pepe ndani ya mashine pepe ni yale yale: kwenye VMware lazima swichi pepe ya nje ikubali Promiscuous mode na Forged transmits, kwenye Hyper-V uwashe MacAddressSpoofing kwa kadi ya mgeni. Sababu ni moja popote: mlinzi wa getini ana jina moja tu kwenye orodha yake.

Docker nayo. Mna daraja br0 linalofanya kazi miezi sita, mtu anasakinisha Docker kwenye mwenyeji yule yule, wageni wote wanapoteza mtandao. Docker hubadilisha sera ya mnyororo wa FORWARD wa iptables, fayawoli ya Linux, kuwa DROP, yaani tupa. Kwa kawaida fremu za daraja hazipiti kwenye iptables, lakini moduli ya br_netfilter ikiwa imepakiwa zinapita, na zinaishia kwenye DROP. Dalili yake ni ya pekee: mgeni mwenye anwani ya kudumu akiandika ip neigh anaiona MAC ya lango vizuri, kwa sababu ARP (swali la "nani mwenye anwani hii?") haipiti njia hiyo ya iptables, ila ping haijibiwi. Dawa ni ama kuweka net.bridge.bridge-nf-call-iptables=0 kwenye sysctl, au kuruhusu kwa jina:

    iptables -I DOCKER-USER -i br0 -o br0 -j ACCEPT

Ya pili naipendelea, kwani ya kwanza inaweza kuwaharibia wanaotegemea br_netfilter, na Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena, ni mmojawapo. Kanuni hiyo uihifadhi, la sivyo itaondoka seva ikijiwasha upya.

Kuna njia ya mkato ya daraja iitwayo macvtap. Humo hakuna br0. Unamwambia libvirt amchomeke mgeni moja kwa moja juu ya enp3s0, na hatari ya kukata tawi haipo kwa sababu anwani ya mwenyeji haihami. Wageni wanaonana, ofisi inawaona, kila mtu anafurahi. Halafu unajaribu kutoka kwa mwenyeji kumfikia mgeni, au mgeni kuhifadhi nakala kwenye diski ya mwenyeji kupitia mtandao: kimya. Hilo ni tabia yake. Fremu ya mgeni inasukumwa nje kupitia kadi, na swichi ya kawaida hairudishi fremu kwenye poti ile ile iliyotokea. Wanalala nyumba moja na hawawezi kuamkiana. Ikiwa hawahitaji kuongea, macvtap ni nzuri. Wakihitaji, mpe mgeni kadi ya pili kwenye mtandao wa ndani, au jenga daraja la kweli.

Mtandao wa njia, ule ambao libvirt inauita route, watu huuogopa bure. Wageni wanakaa kwenye mtandao wao, mathalani 192.168.50.0/24, mwenyeji anafanya kazi ya ruta bila kubadilisha anwani zozote. Unahitaji net.ipv4.ip_forward=1 kwa mwenyeji, na upande wa pili, kwenye ruta ya ofisi, njia ya kurudi:

    ip route add 192.168.50.0/24 via 192.168.10.5

Wengi hufanya la kwanza na kusahau la pili. Pakiti inatoka, inafika, inajibiwa, na jibu halijui pa kwenda kwa sababu ruta ya ofisi haijawahi kusikia habari za 192.168.50. Mgeni anaona kimya na kudhani amekwama mlangoni kwake. Kwa seva ya kukodi iliyofungwa MAC moja, ukiwa umenunua anwani za ziada, hii ndiyo njia ya kutumia: swichi yao inaiona MAC ya mwenyeji peke yake.

Mitandao ya ndani nayo ina viwango vyake. Katika VirtualBox, Host-only inawaunganisha wageni na mwenyeji bila intaneti: mwenyeji ni 192.168.56.1, DHCP iko 192.168.56.100 na inagawa kuanzia 101. Tangu toleo 6.1.28, kwenye Linux huwezi kujichagulia anwani yoyote. Nje ya 192.168.56.0/21 inakataa, mpaka uandike unazotaka kwenye /etc/vbox/networks.conf. Internal Network ni kali zaidi, mwenyeji mwenyewe hayumo. Katika libvirt tofauti hiyo ni mstari mmoja. Mtandao usio na sehemu ya forward ni wa ndani:

    <network>
      <name>nyuma</name>
      <bridge name='virbr10'/>
      <ip address='10.77.0.1' netmask='255.255.255.0'/>
    </network>

Ukifuta na ule mstari wa ip, mwenyeji anabaki bila mguu humo. Na kwa kuwa hatukuweka sehemu ya dhcp, dnsmasq haigawi anwani hata mstari huo ukiwepo. Utaziandika mwenyewe ndani ya wageni.

Mpango ninaouona unafaa ofisi nyingi ni huu. Seva ya wavuti ina kadi mbili: moja br0, nyingine "nyuma". Hifadhidata ina kadi moja tu, "nyuma". Rudini kwenye mishale yetu: dunia inapiga hodi kwa wavuti, wavuti inapiga hodi kwa hifadhidata, na hakuna aliye nje anayeweza kuifikia hifadhidata bila kupitia wavuti. Siku ya masasisho unaiazima hifadhidata kadi ya NAT kwa virsh attach-interface, na ukimaliza unaiondoa.

Kadi mbili zina ugonjwa wake: milango miwili ya kutokea. Kama zote mbili zinapewa lango kuu, jibu la hodi iliyoingia kwa kadi ya mbele linaweza kutokea kwa kadi ya nyuma na kupotea. Mtandao wa ndani wa libvirt una adabu, hautoi lango kwenye DHCP. Kwingineko, ndani ya mgeni weka use-routes: false chini ya dhcp4-overrides ya kadi ya nyuma. Thibitisha kwa ip route: mstari wa default uwe mmoja.

VLAN, mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi moja, nitapita haraka. Kama swichi ya ofisi tayari imetenganisha wahasibu na watu wanaotembelea ofisi, omba poti ya seva iwe ya kubeba VLAN zote, halafu kwa mwenyeji tengeneza daraja kwa kila VLAN, au tumia Open vSwitch na uweke namba ya VLAN kwenye kila kadi ya mgeni. VXLAN ni ya pale wageni walio kwenye seva tofauti wanapotaka kuwa mtandao mmoja. Inaongeza baiti 50 kwa kila pakiti, kwa hiyo MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya wageni ishuke kutoka 1500 hadi 1450. Usiposhusha, ping inapita, kuingia kwa SSH pengine kunapita, kisha ukiomba orodha ndefu ya mafaili skrini inaganda. Pima kwa ping -M do -s 1422. Hiyo pamoja na baiti 28 za vichwa ni 1450 kamili. Ikipita hiyo na 1472 isipite, umempata mwizi.

Kunakili mashine kunaleta mkanganyiko wa utambulisho. MAC watu wanaikumbuka: virt-clone inatoa mpya yenyewe, na VirtualBox inakuuliza. Kinachosahaulika ni /etc/machine-id. Ubuntu ya seva hujitambulisha kwa DHCP kwa kutumia faili hilo, siyo MAC, kwa hiyo nakala tano zenye MAC tano tofauti zinaweza kupewa anwani moja. SSH inakuingiza mara huku, mara kule. Kabla ya kunakili, kwenye mashine mama:

    truncate -s 0 /etc/machine-id

kisha uizime bila kuiwasha tena, maana ikiwaka tu itajitengenezea kitambulisho kingine na utanakili hicho. Au weka dhcp-identifier: mac kwenye netplan, MAC ndiyo itakayotumika.

Modeli ya kadi: chagua virtio kila inapowezekana, ni nyepesi kwa kichakataji. Windows haina draiva yake wakati wa kusakinishwa, kwa hiyo mgeni atakuwa hana mtandao kabisa mpaka umchomekee diski ya virtio-win. Ukiwa na haraka, mpe e1000e kwanza, sakinisha draiva, ndipo ubadilishe.

Mwisho, namna ya kutafuta kosa. Usibadilishe chochote kwanza. Fungua madirisha matatu kwa mwenyeji na usikilize njia nzima:

    tcpdump -eni vnet3 arp or icmp
    tcpdump -eni br0 arp or icmp
    tcpdump -eni enp3s0 arp or icmp

Halafu mgeni apige ping kwa lango. Kama hata vnet3 iko kimya, kosa liko ndani ya mgeni: kadi haijawashwa, au anwani si ya mtandao huo. Ikionekana vnet3 lakini haifiki enp3s0, daraja au fayawoli ya mwenyeji inaimeza. Kama ARP inapita na ICMP (pakiti za ping) haipiti, rudi kwenye habari ya Docker. Ombi la ARP likitoka hadi enp3s0 na jibu lisirudi, mtafute aliye nje: swichi iliyofunga MAC, VLAN isiyo sahihi, au Wi-Fi. Na jibu likirudi hadi enp3s0 bila kufika vnet3, andika bridge fdb show uone daraja linaamini MAC ya mgeni iko upande gani. Ukiikuta imeandikwa upande wa enp3s0, kuna mashine nyingine ofisini yenye MAC hiyo hiyo, na karibu kila mara ni nakala iliyowashwa kwenye seva ya pili bila mtu kusema.

Seva ya majaribio iko mezani, ina wageni wanne na makosa matatu kati ya haya niliyoyataja. Karibuni mbele.